Virage na Gurudumu la Tatu

Pale Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi, kando ya njia ya kwenda Kabingo, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, na ubao huo una serikali yake. Rais ni Constantin, mwenyekiti wa waendesha pikipiki wa kituo kile, mtu mzima wa Uvira ambaye hata chafya huipiga kwa utaratibu. Wenzake humwita Président, naye haoni utani ndani yake. Waziri wa habari ni Bienfait, anayeitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kumzima. Hazina ya taifa ni birika la kahawa ya tangawizi la Sulait, mwenyeji wa Nyamitanga kule mjini Mbarara, fundi wa zamani aliyegundua kuwa watu hulipia kahawa haraka kuliko wanavyolipia matengenezo. Na raia msumbufu, asubuhi ile ya mwaka 2013, alikuwa Adolphe.

Adolphe walimwita Virage, maana yake kona, kwa jinsi alivyozikata. Alikuwa akiilaza pikipiki mpaka abiria wanataja watakatifu wote wanaowajua, wakatoliki kwa walokole. Wenye haraka walimpenda. Lakini msimu uliopita wa mvua aliteleza karibu na Kabingo, goti la kushoto likapata dosari, na tangu hapo kila aliposimama na mtu nyuma, mguu ule ulikataa kubeba uzito. Siku aliyomwangusha Mariette mshonaji kwenye tope, na kitambaa cha harusi ya watu mikononi, Adolphe aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata alipokimbia kwao Kivu na nguo moja. Akaiuza pikipiki yake. Asubuhi ile alikuwa amerudi kutoka Mbarara na nyingine, nyekundu, yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na viti viwili vinavyotazamana chini ya kibanda.

Kurudi kwenyewe hakukuwa kwa heshima. Pikipiki ya magurudumu mawili unaiendesha kwa kiuno, na ya matatu haijui kiuno ni nini. Kwenye kona ya mashine ya kusaga, Adolphe alijilaza kama alivyozoea, akabaki amelala yeye peke yake huku chombo kikienda moja kwa moja hadi kwenye turubai la mihogo ya watu. Akaomba msamaha, akarudi njiani. Alipofika mbele ya ubao akafanya alichokifanya tangu aanze udereva, akashusha mguu chini kabla chombo hakijasimama. Gurudumu la nyuma likapanda juu ya vidole vyake, likapumzika hapo.

— Virage, mupira inakuomba ruhusa ao inapanda tu? Bienfait aliuliza, akimwagia suruali yake kahawa kwa kicheko.

— Inapanda tu, akasema Adolphe, meno yamekazwa. Mpaka niizoee.

— Wewe hapana weka mguu chini, ssebo! Sulait akapiga kelele akiwa na birika mkononi. Hii kitu hapana anguka. Inajisimamia. Mguu kaa juu!

— Nimesikia, Sulait. Mguu ndiyo haijasikia.

Wakamsaidia kukisukuma chombo, akautoa mguu, akaketi ubaoni na wenzake kana kwamba hakuna lililotokea. Ndani ya kiatu vidole vilikuwa vinawaka. Hakuvua, maana angevua wangetazama, na wangetazama wangekuwa na la kusema hadi Krismasi. Tena hakuja kuhurumiwa. Alikuja kwa jambo moja tu, zamu yake.

Pale kituoni abiria hachagui dereva. Anapewa mwenye zamu, na asiye na zamu hata akija na ndege hapati mtu. Ukitolewa kwenye mzunguko huo huruhusiwi kupakia popote kati ya Misiera na Kabingo, na wenzako uliokunywa nao kahawa jana ndio watakaokushushia abiria leo. Adolphe alikuwa amekwisha kuuza cha zamani. Wakimkatalia hiki kipya, hakuwa na pa kurudi, na mkewe Pélagie na watoto hawakuwa na mtu mwingine wa kumtazama.

Constantin alisafisha koo. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya bunge.

— Tuache kucheka. Hapa ni parkingi ya moto, akasema, kwani kwa Wakongo moto ndiyo pikipiki, na mipira ndiyo magurudumu. Moto iko na mipira mbili. Hii yako iko na tatu. Sasa tukuweke wapi?

— Fasi yangu, akajibu Adolphe. Pale nilikuwa jana.

— Jana ulikuwa na mbili.

— Jana nilikuwa Adolphe. Leo niko Adolphe.

— Hapana, hapana, Bienfait akaingilia, na sauti yake ikajaa ile furaha ya mtu mwenye habari asiyokuwa na uhakika nayo. Mie niko na shida na jambo ingine. Ba kilema ndio banapewaka kitu ya mipira tatu, ile ya kuzungusha na mikono. Bantu batakuona, batasema Virage amekuwa kilema. Nani atapanda na kilema?

— Mwenye hataki kuanguka, akasema Adolphe. Uliza Mariette.

Bienfait akanywa funda moja, akapata nguvu.

— Sawa. Na bale ba ofisi ya mgao? Banapita hapa na gari kila siku. Bataona kiti mbili, bataona kibanda juu, batasema ule mukimbizi amenunua gari! Kesho unga yako na maharage yako, kwisha. Kisha batasema huyu ni tajiri, na parkingi yake yote ni matajiri. Tutalala njaa sisi wote juu ya mupira moja!

Constantin, ambaye wazo hilo halikuwa limemjia, akageuka kukitazama kile chombo chekundu kwa wasiwasi wa kweli.

— Redio, akasema Adolphe, ofisi haihesabu mipira.

— Wewe unajuaje?

— Kama wangehesabu, baiskeli ya mke wako ya kubebea maji ingekunyima unga zamani.

Sulait akacheka hadi akaweka birika chini. Halafu naye akakumbuka kuwa ana maoni.

— Mimi naweza sema kitu ya kweli. Kule Mbarara, kwa kilima ya Nyamitanga, tukutuku moja, mipira tatu kama hii, ilipanda na masista watatu. Katikati ya kilima ikachoka. Ikaanza rudi nyuma pole pole. Dereva anaambia masista, msiogope, nasahau kitu kwa daraja. Inarudi, inarudi, mpaka kwa mto Rwizi. Masista wanaimba tu. Banange!

— Wakazama? akauliza Constantin.

— Hapana. Walishuka, wakaivuta.

— Basi si ilifika? akasema Adolphe.

— Ilifika. Lakini masista walifika kwanza.

Hapo wakacheka wote, hata Adolphe, ingawa kicheko kilimgonga vidoleni. Constantin ndiye aliyekimaliza, kwa swali ambalo Adolphe alilijua litakuja, na alikuwa amelilalia macho safari nzima.

— Njia yetu, Virage, gari zimechimba mistari mbili. Moto ya mipira mbili inachagua mustari moja, inaenda. Wewe na tatu, ule wa mbele unauweka wapi?

— Kwa majani, pale katikati, akasema Adolphe. Ba nyuma bawili kila mutu na mustari yake. Wa mbele unapanda kwa mugongo wa njia. Nimetoka nayo Kabingo asubuhi hii hivyo. Inaruka ruka, lakini inaenda.

Constantin akaitazama njia. Alikuwa dereva wa kweli, na jibu la kweli alilijua akilisikia. Adolphe alimwona akilipima kichwani, mistari miwili na mgongo, akaanza kupata tumaini. Bienfait naye aliliona, akaona mjadala unamponyoka.

— Na ng'ombe? akasema.

— Ng'ombe gani?

— Ya hapa! Ya Ankole, yenye pembe kama milango! Mie nimechunguza. Ng'ombe inaheshimu kitu ya miguu mbili, inajua ni muntu. Inaheshimu ya miguu ine, inajua ni dada yake. Kitu ya miguu tatu inaona ni munyama mugonjwa anakuja kuambukiza wengine. Inaipiga! Na ikipiga ya Virage leo, kesho itazoea, itapiga na ya kwetu!

— Wewe! Sulait akasimama. Hapana tusi ng'ombe yetu! Ng'ombe ya Ankole iko na akili kuliko wewe!

— Ndiyo hiyo nasema! Iko na akili mingi, ndiyo sababu inahesabu!

Constantin akainua mkono. Ilikuwa dhahiri kwamba suala la ng'ombe halikuwahi kuletwa mbele ya kituo, na yeye hapendi jambo lisilo na utaratibu.

— Tutafanya kikao, akasema. Tutaita na ba dereva ba ng'ambo, ba parkingi ya Base Camp. Siku ingine. Kwa sasa Virage angoje kwanza.

Neno hilo, angoje, lilimwingia Adolphe kuliko lile gurudumu. Alikuwa amengoja mipakani, amengoja karatasi, amengoja mvua na mgao, na alijua vizuri kwamba kitu kinachowekwa kwenye siku nyingine huwa hakina siku. Hasira ikampanda, na hofu nyuma yake. Akataka kusema. Akasema.

— Mie singoji, Président. Goti yangu haitarudi. Moto nimeuza. Mukitaka kunifukuza, munifukuze sasa, munitazame mu macho.

Hakuna aliyemtazama. Constantin alikitazama kikombe chake, Sulait akatazama makaa, na Bienfait akaanza kuipangusa kahawa ya suruali yake.

Ndipo akaja mwanamke mmoja mgeni, na tenga la kuku wawili kichwani. Aliitwa Pascaline. Alikuwa na majuma machache tu pale kambini na hakujua habari ya ubao wala mipira. Akashusha tenga, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

— Ba papa, mujambo. Naenda Kabingo. Zamu ni ya nani?

Ni swali ambalo pale kituoni huulizwa tangu alfajiri hadi jioni, na hujibiwa kabla halijaisha. Safari hii lilikaa hewani. Constantin alihesabu kichwani. Aliyetoka mwisho na abiria, kabla ya kahawa, alikuwa yeye mwenyewe, na anayemfuata Constantin, tangu kituo kianze, ni Adolphe. Anayemfuata Adolphe ni Bienfait. Bienfait alitazama pikipiki yake, akamtazama mama, akashika ufunguo mfukoni. Neno lilikuwa moja tu, na hakuna ambaye angemzuia. Ufunguo haukutoka.

— Nauliza tena, ba papa. Kuku banapigwa na jua. Zamu ni ya nani?

— Ni yangu, mama, akasema Adolphe.

Akainuka, akabeba tenga, akaliweka kwenye kiti kimoja na mama kwenye cha pili. Akapanda, akaziweka nyayo zote mbili juu, ile nzima na ile iliyovimba, akasubiri aone nani atapinga. Constantin alisimama polepole. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa karibu na njia, na kati yake na mawe ya ubao palibaki upana wa kupita pikipiki ya magurudumu mawili tu. Aliishika usukani, akairudisha nyuma hatua kadhaa, akatazama, kisha akairudisha tena kidogo.

— Inatosha? akauliza.

— Inatosha, Président, akasema Adolphe, na akawasha.