Tangu Bekari Iache Moshi Mweusi

Benchi yetu iko kando ya barabara ya Shinyalu, mkabala na bekari, na kwa miaka tulikunywa kahawa yenye masizi. Sisi ndio tuliopiga kelele. Masinde, anayewasha tanuri la dizeli pale bekari, ambaye tunamwita Moto, akaongeza hewa, mwako ukawa mkali na bomba likawa safi. Tulijipongeza, mimi nikiwa mbele. Leo Moto amekuja na ovaroli yake, ameshika kikombe asichokunywa. Afisa wa mazingira alichomeka mashine yake ya kupima moshi kwenye bomba hilo safi, ikakataa kulipitisha. Anarudi mchana. Ikikataa tena, bekari inafungwa. Naogopa, wala sifichi.

Barasa, aliyepewa jina la Waziri kwa kuijua serikali kuliko serikali yenyewe, alianza.

WAZIRI: Kwani inanusa nini na moshi hakuna?

MOTO: Kuna sumu haionekani. Eti moto ukizidi ukali, hewa yenyewe inaungua, inageuka kitu ya kuharibu kifua.

WAZIRI: Hewa gani? Hii yetu?

MOTO: Hii tu unavuta.

Titus huuza dawa za mifugo, kwa hiyo ni Daktari.

DAKTARI: Basi ni ya huu msitu wetu. Hewa ya msitu iko na nguvu sana, tanuri haiwezani nayo. Leta ya Mautuma, kule mashambani, kwa gunia.

WAZIRI: Gunia itavuja. Afadhali tenki.

MOTO: Msinichezee, bana! Nimeambiwa nipunguze joto ya moto. Nipulizie maji kidogo, laini kama umande, pale dizeli inawakia. Ama nirudishe moshi kiasi ndani ya tanuri.

WAZIRI: Maji kwa moto? Huyo afisa anataka uzime, akufungie vizuri.

DAKTARI: Na kurudisha moshi! Umeona wapi kitu imetoka inarudishwa ndani?

MOTO: Ng'ombe hurudishanga nyasi kila siku, Daktari.

Hapo tulicheka, lakini Moto hakucheka.

WAZIRI: Mimi nawaambia ni hamira. Hiyo mashine ya ng'ambo haijawahi kutana na hamira yetu. Imelewa.

MOTO: Na nikipunguza joto vibaya, moshi mweusi unarudi. Si mtanipigia kelele tena?

Nilimwambia hatutapiga. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, na nilijua nadanganya.

Wakati huo Zipporah, mama yake Gentrix, alikuwa amesimama nyuma yetu na mkate chini ya kwapa. Anaishi chumba kilicho nyuma ya bekari, na hajawahi kukaa benchini kwetu. Gentrix alikuwa mgongoni, anakohoa kile kikohozi cha kuvuta kutoka mbali.

—Nyinyi ndio mlisema moshi uliisha? akauliza.

WAZIRI: Ndio, mama. Tuliwapigania.

—Ule mweusi nilikuwa naona ukija. Nafunga dirisha, mtoto analala. Sasa huu, nitakuwa nafunga saa ngapi?

Moto aliweka kikombe chini kikiwa bado kimejaa, akavuka barabara kurudi kazini bila kuaga. Sisi tuliobaki tukainua macho kulitazama bomba la bekari. Lilikuwa safi kabisa.