Picha ya Shangazi Mtandaoni

Ndani ya basi la Chato kwenda Geita, Mwaisha alikaa nyuma ya Nelly, binti mpiga picha aliyekuwa akimwonyesha mama aliyeketi kando yake tovuti mpya ya kazi zake. Mama yule alisifu kila picha, mpaka ilipofika ya bibi kizee mwenye macho mekundu. Hapo akainama kuitazama vizuri.

"Huyu ni shangazi yangu," alisema taratibu. "Na jina la kijiji umeliandika."

"Nilimwomba, mama, akakubali."

"Macho hayo ni moshi wa jikoni, mwanangu. Lakini kwetu wapo vikongwe waliouawa kwa macho kama hayo, wakiitwa wachawi."

Mwaisha, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, aliinama mbele kusikiliza. Nelly aliifuta picha.

"Wangapi wameshaiona?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Niliomba watu waisambaze."

Mama akampigia shangazi simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita vilevile.

Basi liliposimama Geita, mama alishuka akiulizia gari la kurudi Chato kwa shangazi. Nelly akamfuata nyuma, kamera ameikumbatia kifuani.