Igoki, Aliyeambiwa Ainue Kichwa

Marehemu Igoki wa Mbae alizaliwa mwaka wa 1930 karibu na Kianjokoma, mtoto wa tatu wa Mzee Mbae. Katika shule ya misheni alisoma miaka minne, hadi 1943. Alipoimba aliweka kidevu juu, hata mwalimu akamtania kwamba anaimbia mapaa na wenzake wako chini.

Tarehe 12 Agosti 1949 aliolewa na Ndambiri, fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja, Wambura. Mei 1954 Ndambiri alichukuliwa kizuizini. Igoki akahamishiwa kijiji kipya cha Hali ya Hatari. Nyumba zilibanana, lakini hakuna aliyebisha hodi kwake.

Kazi yake ikawa ile ya wote, kuchimba handaki la kando ya msitu. Huko ndiko kichwa kilikoanza kumuuma. Akikiinua, maumivu yalimpasua, na mara nyingine miguu ilimwishia nguvu akaanguka. Akiinama, alipata nafuu. Basi akatembea ameinama, akisalimia watu huku akitazama miguu yao. Wakanong'ona kwamba kiapo cha Mau Mau kinamla. Siku ya kuchujwa, watu walipohojiwa mmoja mmoja kuhusu kiapo, Machi 1956, homugadi wa zamu, mwenyeji aliyeilindia serikali kijiji, alimfokea:

"Wewe! Inua kichwa! Mtu hana makosa hawezi angalia chini."

Hakuweza. Homugadi akamnyima pasi ya kusafiri kwenda hospitali, miezi kumi na minne.

Mei 1957 Riungu, dresa wa kufunga vidonda katika hospitali ya misheni, alikuja kuchanja watoto, akamwona.

"Mama, ukiinama maumivu inapungua?"

Igoki alilia. Tangu augue, hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote. Riungu akamwendea Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, pasi ikatoka.

Nairobi, daktari alimtia hewa kichwani, akapiga picha. Katikati ya ubongo palikuwa na kifuko cha ute, kama punje ya njahi, yale maharagwe meusi, wala si saratani, kimeziba njia ya maji. Tarehe 18 Juni alikitoa chote. Kichwa kikainuka. Lakini maji yaliyojaa yalikuwa yameshaharibu macho. Angeletwa mwaka mmoja mapema, alisema daktari, angeona.

Alirudi kidevu juu, haoni. Alikaa mlangoni akigeuza uso kufuata hatua za wapitao, akingoja mmoja asimame. Alifariki kwa kichomi tarehe 9 Februari 1958.

Ameacha mume, Ndambiri, aliyeko kizuizini na bado hajui. Binti, Wambura, wa miaka saba. Na shemeji, Njue, aliyepita mlango ule miezi yote akinyata ili asitambuliwe. Njue ndiye homugadi yule. Ndiye anayewasomea haya.

Shemeji, sasa inama ama inua, upendavyo. Pumzika kwa amani.