Mama Yetu Hakuwa Kada wa Mtu

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mama zangu, dada zangu, majirani wa Mkunazini na wa Kikwajuni, na nyinyi mliotoka shamba tangu asubuhi, kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, katika hitma ya mama yetu, Bi Zuleikha Amour Mkadam, na pili naomba radhi, kwa sababu najua kwetu si ada kusoma historia ya maiti kwenye hitma ya wanawake, ada ni kusoma Yasini, kuomba dua na kula, na hayo yote yatafuata, chakula kiko tayari na hakitapoa. Mimi ni Rukaiya, mtoto wake wa pili na wa mwisho, na nimemuomba ruhusa kaka yangu Muhiddin nisome karatasi hizi kwa sababu tangu Ijumaa nimeshasikia historia mbili za mama, kila moja imetolewa na watu wa chama tofauti, moja inasema alikuwa wao tangu usichana, ya pili inasema alikuwa wao mpaka pumzi ya mwisho, zote mbili zina picha yake na zimezunguka kwenye simu zenu, na zote mbili si kweli. Vyama hivyo sivitaji majina, mnavijua, na wajumbe wao wamo humu ndani, wameketi mkeka mmoja, na tunawashukuru kwa kuja.

Marehemu alizaliwa Kikwajuni, siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Amour Mkadam, aliyekuwa fundi cherehani, na Bi Mashavu binti Abdulla, mzaliwa wa Bwejuu. Alikhitimu Qur'ani mwaka 1968, akasoma skuli ya msingi hapo hapo mtaani, akaendelea na sekondari mpaka akamaliza Fomu Foo mwezi wa Novemba 1976, na bibi yetu alikuwa akisimulia kuwa Zuleikha alikuwa hatulii, akitumwa dukani kununua chumvi hurudi na habari za mitaa mitatu, na chumvi ameisahau.

Jumatatu ya tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa kuwa karani katika mahkama moja ya hapa mjini, kazi aliyoifanya kwa miaka arubaini na moja mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2018, na kazi yenyewe ilikuwa kuwaandikia watu mashtaka yao, jina, umri, makaazi, kazi, na dai. Alkhamisi ya tarehe 20 Agosti 1981, mwezi wa Mfunguo Mosi, alifunga ndoa na baba yetu, Bwana Hamed Nasser, fundi saa wa Mkunazini, akahamia nyumba hii tuliyomo, na Mungu akawajaalia watoto wawili, Muhiddin aliyezaliwa mwaka 1983 na mimi niliyezaliwa mwaka 1990. Baba alitangulia mbele ya haki tarehe 6 Mei 2011.

Sasa nakuombeni mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo historia zile mbili zinaporuka. Jumatatu ya tarehe 9 Septemba 1996 alikuja mezani kwa mama mwanamke mmoja kutoka Bwejuu, Bi Sichana, ambaye tunaye leo na amekaa pale karibu na dirisha, alikuwa ameachwa baada ya miaka kumi na tisa na anadai haki yake katika nyumba, na mama akamwandikia kama alivyowaandikia wanawake wote kabla yake, jina, umri, makaazi, na alipofika kwenye kazi akaandika bila ya kuuliza, "Hana kazi, mke wa nyumbani." Bi Sichana alikuwa mkulima wa mwani, amefunga mwani pwani ya Bwejuu kwa miaka sita, maji yakimfika kifuani, na matofali ya nyumba ile pamoja na mabati yake yametokana na mwani. Siku ya kesi mume wake alisimama akasema, "Bwana hakimu, karatasi yake mwenyewe imesema hana kazi, basi hiyo nyumba kaijenga kwa kitu gani?" Bi Sichana akatoka na sanduku la nguo na masufuria yake.

Mama hakuweza kulala juu ya jambo lile, na nasema wazi kwamba ndilo lililomuondolea utulivu kwa maisha yake yote yaliyobaki. Alikwenda Bwejuu kumuomba radhi Bi Sichana, akapewa radhi na chai, akarudi nyumbani akilia, akamwambia baba, "Mimi ndo n'lomtoa mwanamke yule nyumbani kwake, kwa mkono wangu huu." Tangu siku ile akifika kwenye nafasi ya kazi alikuwa anaweka kalamu chini na kumuuliza mwanamke amefanya nini tangu alfajiri, na yote anayoambiwa anayaandika, kuteka maji, kwenda pwani, kusuka makuti, kuuza vitumbua, kumuuguza mama wa mume, mpaka nafasi ya kazi ikajaa na maneno yakapanda pembezoni mwa karatasi, na mkubwa wake alimuonya kwa barua mara mbili, barua ambazo aliziweka ndani ya kabati pamoja na vyeti vyake vya kazi.

Katika kuandika huko ndipo alipojua kuwa kalamu ya karani peke yake haifiki mbali, akatengeneza karatasi ya mambo matatu, kwamba mwanamke aliyejenga nyumba pamoja na mumewe asitolewe kama mpangaji, kwamba kesi za udhalilishaji wa watoto zisimalizwe kwa sulhu majumbani, na kwamba wanawake wasimamishwe majimboni na wasiishie kwenye viti maalum. Mwaka 1998 alikuwa ameshaingia chama cha baba yake, akakipelekea karatasi hiyo, akaambiwa hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, na alipozidi kuuliza akaahidiwa kiti maalum yeye mwenyewe, akasema, "Nimekuja na mambo matatu, mmenipa kiti, sasa n'kae hapo n'fanye nini?" Mwaka 2004 akarejesha kadi. Mwaka 2006 akaingia chama cha mume wake, baba alifurahi sana, akaipeleka karatasi ile ile, na huko akajibiwa kwa upole zaidi, "Bi Zuleikha, tushinde kwanza, ya wanawake baada ya uchaguzi," na ikapita 2010, ikapita 2015, baada ya uchaguzi mmoja kukawa ni kabla ya uchaguzi mwengine, mpaka tarehe 2 Februari 2016 akarejesha na kadi ya pili. Kwao hakurudi na ukweni hakukaa. Akiulizwa alikuwa anacheka na kusema, "Nimeachwa na vyama viwili, na hakuna hata kimoja kilonipa fedha za eda."

Alicheka, lakini ilikuwa inamuuma, na sisi wanawe tuliokaa naye ndio tunaojua. Maradhi ya moyo yaligunduliwa mwezi wa Januari mwaka huu, daktari akamwambia apumzike na asipande ngazi, na kadri uchaguzi ulivyokaribia ndivyo alivyozidi kupanda na kushuka ngazi za nyumba hii, huku akimuuliza kila aliyeingia, muuza samaki, fundi wa bomba, muuguzi aliyekuja kumpima presha, atampigia nani na kwa sababu gani. Mwezi wa Septemba alinilazimisha nimpeleke kwenye mikutano ya vyama vyote viwili, wiki mbili mfululizo, akiwa amevaa buibui lake jeusi na kukataa kila kofia na kila kanga aliyopewa, tukakaa nyuma juani, yeye akihesabu kwa vidole. Kwenye mkutano wa kwanza neno mwanamke lilitajwa mara mbili, moja ni kuwashukuru kwa kujitokeza kwa wingi na ya pili ni kuwashukuru waliopika. Kwenye mkutano wa pili lilitajwa mara moja, mgombea aliposema mama zetu wanalia. Tulirudi nyumbani miguu yake imevimba, nikamkanda kwa maji ya moto.

Lazima niseme na hili, ingawa linanitia haya, kwamba sisi watoto hatukumsaidia. Jumatano iliyopita, tarehe 15 Oktoba, Muhiddin, ambaye nyote mnajua ni mtu wa chama cha marehemu baba, alimwambia kuwa asipopiga kura anawapa ushindi wale wengine, na mama akamjibu, "Na nikipiga nampa nani, mwanangu? Kura si sadaka, siitupi kwa alonyoosha mkono mwanzo." Nami nikaingia kati, nikajiona nina busara, nikamwambia, "Mama, chagua shari ndogo yaishe." Akasema, "Rukaiya, nimechagua shari ndogo miaka thalathini, nami naiona imekua." Nilikasirika, nikatoka nikaubamiza mlango, na tangu hapo mpaka Ijumaa nilizungumza naye habari za dawa na chakula tu, na hayo ndiyo nitakayoishi nayo.

Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025, saa mbili asubuhi, baada ya kunywa chai na kuuliza kama gazeti limekuja, mama yetu aliegemea mto kwenye kitanda chake hapa Mkunazini na akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na saba na miezi saba. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya Alasiri, katika makaburi ya Mwanakwerekwe.

Kabla ya kutolewa humu ndani, jeneza likiwa ukumbini na wanawake wamemaliza kumuosha na kumkafini, zililetwa kanga mbili za kulifunika, kila moja na rangi za chama chake, na waliozileta wakaanza kuvutana kwa sauti za chini, na moja kati ya hizo ilikuwa mkononi mwa kaka yangu. Nilimwambia Muhiddin kwamba akimfunika kwa hiyo mimi na yeye si ndugu tena, maneno mabaya mbele ya maiti, nimeshamuomba radhi yeye na namuomba Mungu. Muhiddin akatazama jeneza, akaikunja ile kanga mara nne, akaitia kwapani na kusema, "Mfunikeni kwa yake." Tukamfunika kwa kanga yake ya kupikia mkate wa kumimina, iliyopauka na yenye alama ya kuungua upande mmoja, na ndiyo mliyoiona ikipita katika uchochoro. Muhiddin ndiye aliyeniambia jioni kuwa huko makaburini mzungumzaji mmoja alimwita mama kada wetu, na mwengine akasimama kumpinga na kumwita kada wao, mpaka imamu akawanyamazisha.

Familia inatoa shukurani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Januari na kuvumilia maswali yake, kwa majirani wa Mkunazini waliofunga barabara, walioleta majamvi, sufuria na maji bila ya kuombwa, kwa makarani wenzake wa zamani waliokuja na kumbeba, kwa mashangazi na binamu wa Kikwajuni, na kwa Bi Sichana aliyetoka Bwejuu kwa gari ya kwanza na akawa miongoni mwa waliomuosha. Hatuwezi kukulipeni, Mungu atakulipeni.

Na wajumbe wa vyama vyote viwili, tunakushukuruni kwa mkono wa tanzia, mchele mmeleta na mafuta mmeleta, na sikusimama hapa kumvunjia mtu heshima kwenye msiba. Nakala za karatasi ya mama ziko pale mezani, moja yenu na moja yenu, na mama mwenyewe hakuacha wasia juu ya nani apigiwe kura, kwa sababu mpaka anaondoka alikuwa bado hajui, alikuwa anatafuta, na mkisema alikuwa ameshapata mnamsingizia. Kwa hivyo nakuulizeni kwa adabu, nyinyi mnaosema alikuwa wenu, katika haya matatu mlimtimizia lipi, na alikuwa wenu siku gani? Sitaki jawabu leo. Baada ya siku kumi mimi na wengi waliomo ukumbini humu tutasimama kwenye foleni na vitambulisho vyetu, na mimi mtoto wake sijui nitafanya nini nikifika mbele ya sanduku, na sioni haya kusema sijui, maana nimerithi kwake.

Mama, nisamehe kwa ule mlango. Sisi tuliobaki huku tutaulizwa sana wiki hii, barabarani, kazini na ndani ya nyumba zetu. Wewe huko ulikotangulia utaulizwa Mola wako ni nani, Mtume wako ni nani na dini yako ni ipi, na majawabu yake ulikuwa nayo tangu chuo cha Qur'ani. Pumzika kwa amani, mama, hakuna tena atakayekuuliza chama.

Al-Fatiha.