Majina Thelathini na Manane ya Simu Moja

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama chai iko karibu, jimiminie. Leo muziki utasubiri kidogo, kwa sababu tunamkumbuka mwenzetu, Annah Kavindu Nzau.

Wengi wenu hamkuwahi kuiona sura yake. Lakini mlimsikia. Ule mlio wa kakara-kakara uliokuja kabla hatujamtaja mshindi wa shindano lolote, huo ulikuwa mlio wa mipira kumi ya tenisi ya meza ndani ya kiondo. Aliyekitikisa ni Kavindu. Kwa miaka kumi na tisa, hapa kituoni kwetu Hurlingham, yeye ndiye aliyesimamia kila droo. Alituaga Alhamisi iliyopita baada ya kuugua muda mfupi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Mipira hiyo alianza nayo kanisani. Akina mama wa chama chake kule Kangemi walikuwa wakiokota vikaratasi kwenye kofia, kuamua nani atangulie kupokea mchango wa mwezi. Kavindu akaona jambo. Karatasi zilizoingia mwisho zilikaa juu, na ndizo zilizotoka kwanza. Na kila mara, karatasi iliyoingia mwisho ilikuwa ya katibu. Mwezi uliofuata Kavindu alikuja na kiondo na mipira yenye namba, sifuri hadi tisa. Katibu hakumsalimia mpaka Pasaka.

"Mama alikuwa hivyo hata nyumbani," anasema binti yake, Debra. "Mkebe wa majani chai lazima autikise kwanza. Ukimuuliza, anakwambia yale ya chini nayo yanataka kunywewa."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kuna droo moja tunayotaka kuisimulia vizuri. Ni ya mwaka 2019. Zawadi ilikuwa karo ya chuo cha uuguzi, miaka mitatu yote. Unatuma jina lako kwa simu, jina linaingia kwenye orodha, kila jina linapewa namba. Kavindu alikuwa na sheria yake: simu moja, jina moja, na mashine ya kupokea ujumbe inakata yanayozidi. Aliitunga kuwazuia wale wajanja wanaojiandikisha mara ishirini. Orodha ikatoka na majina 3,148. Akaibandika pale getini, kama kawaida yake, kila mtu ajionee.

Jumatano droo ikafanyika. Mshindi akawa Everlyn Ajwang', msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akipanga bidhaa kwenye rafu za duka moja kubwa Westlands. Alilia hewani. Nasi tulilia, tusidanganyane.

Alhamisi asubuhi akaja mtu getini. Haron Mwololo, mlinzi wa nyumba moja Lavington. Hiyo ndiyo siku yake ya kupumzika. Alipitisha kidole kwenye orodha, karatasi baada ya karatasi, kisha akaomba kumwona mwenye orodha.

"Mama, si kwa ubaya," alimwambia Kavindu. "Kwa ile barabara yetu ni simu yangu tu ilikuwa na kredo. Nikawatumia watu majina yao huku kwenu. Wa bustani, wale wa kufua, wapishi, masoja wenzangu. Sisi ni thelathini na tisa. Lakini hapa naona tu jina yangu."

Mwaona ilivyokuwa? Jina la Haron lilikuwamo. Yeye mwenyewe hakuwa na la kudai. Alitoka Lavington kwa ajili ya wale thelathini na wanane ambao mashine iliwakata, kwa sababu walishiriki simu moja. Na sheria iliyowakata aliitunga Kavindu.

Kavindu alikaa na rekodi za simu mchana kutwa. Simu nyingine zote zilizokatwa majina, alikuta ni mtu mmoja aliyejirudia, jina lile lile. Ni simu ya Haron tu iliyobeba majina tofauti. Watu thelathini na wanane wa kweli.

Meneja wetu wa wakati huo, Ephantus Kibe, hakutaka kusikia. Twamheshimu, na ametupa ruhusa tuyaseme haya. "Kavindu, mshindi ashatangazwa," alimwambia. "Ukirudia droo, watu watasema sisi ni wezi. Na mkataba wako unaisha Desemba. Hao watu thelathini na wanane kati ya elfu tatu, ni nani angeshinda?"

"Labda hakuna," Kavindu akajibu. "Lakini hatukuwaacha wajaribu."

Ugumu haukuwa kwa meneja peke yake. Akirudia droo, anampokonya Everlyn. Asiporudia, amewafuta watu thelathini na wanane. Debra anakumbuka mama yake akichambua sukuma wiki mezani, anachambua na kusimama, majani mengine anayatupa yakiwa mazima. Ghafla akaacha. Alikuwa amepata njia.

Sikilizeni kwa makini, nitaisema polepole. Wale waliokatwa wapewe namba zinazofuata, kuanzia 3,149 hadi 3,186. Kisha ichotwe namba moja tu kati ya zote. Ikiangukia kwa wale thelathini na wanane, mwenye namba anachukua karo. Ikiangukia kwingine kokote, Everlyn anabaki mshindi. Kwa njia hiyo kila mtu, wa kwanza na wa mwisho, anakuwa amepata nafasi ile ile moja. Hakuna aliyezidishiwa. Hakuna aliyepunjwa.

"Wasikilizaji hawataelewa," Kibe akasema.

"Mtu anayegawa sufuria moja ya githeri kwa watoto sita ataelewa," Kavindu akamjibu.

Akampigia Everlyn mwenyewe. Everlyn akasema, "Mama, nishaambia watu wote. Nyanya yangu amechinja kuku." Kavindu hakumbembeleza. Alimwambia kosa ni lake, akamwomba radhi, akamweleza siku na saa. Everlyn alikata simu.

Lakini alikuja. Jumatatu, saa saba mchana, alisimama kando ya geti akiwa na aproni ya kazi. Upande wa pili walisimama watu wa barabara ya Haron, waliokuwa wameomba ruhusa ya chakula cha mchana. Kavindu alieleza kosa lake hewani, mara tatu, bila kujificha nyuma ya mashine. Akasoma majina yote thelathini na manane. Kisha akamwita Karanja, fundi viatu wa hapo nje, ambaye hakuwamo kwenye orodha yoyote. Karanja akakunja mkono wa shati hadi kiwiko.

Tarakimu nne, mpira mmoja kwa kila tarakimu, na namba ikizidi orodha inarudiwa. Mpira wa kwanza, tatu. Ukarudishwa, kiondo kikatikiswa. Wa pili, moja. Wa tatu, nne. Hebu hesabu nasi, msikilizaji. Ukija tisa, ni 3,149, karo imehama. Ukija mwingine wowote, karo imebaki. Everlyn alikuwa amefumba macho.

Mpira wa nne, mbili.

Everlyn alibaki mshindi. Leo ni muuguzi wa wodi ya kina mama, na jana alitupigia simu kutoa pole. Mkataba wa Kavindu? Desemba ilifika, na Kibe mwenyewe ndiye aliyemletea kalamu.

Kavindu aliogopa kuwakabili wale wengine. Haron ndiye aliyemwendea, akampa mkono. "Asante mama," akamwambia. "Leo tumeshindwa kama watu wengine."

Kwa Debra, kwa kaka wa marehemu, mzee Kivuva, na kwa jamaa yote ya Nzau, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, kila mmoja ana orodha yake: ya harusi, ya chama, ya vibarua wa kesho. Kabla hujaifunga, jiulize ni nani aliyetumia simu ya jirani.

Mazishi ni Jumamosi, kule Kangundo. Haron ametuambia watu wa barabara yao watakuja. Tulimuuliza ni wangapi, ili tuwaarifu wanaopika. Akaanza kututajia majina.