Skrubu ya Pampu ya Mzee Foong

Kijiwe chetu hapa Tringkap, kijiji cha wakulima wa mboga mlimani, ni benchi moja la ubao na meza mbili za plastiki mbele ya duka la kahawa la Mama Yoke, pamoja na nafasi ya kuegesha gari moja. Nafasi hiyo ni ya Landrova ya Mzee Foong. Hakuna aliyempa, ila miaka yote huwa anashuka nayo asubuhi ikiwa imejaa kabichi, anaiegesha pua ikitazama benchi, anafungua boneti injini ipoe, halafu ndipo anakaa. Na huku kwetu boneti ikiwa wazi, aliye karibu ana ruhusa ya kutia mkono. Ukiona nati imelegea unakaza, ukiona waya umechubuka unaufunga, wala huombi. Magari yetu yote tuliyanunua yakiwa yamechoka, tukayakata paa, tukayapachika injini za malori. Bila mikono ya majirani yasingefika hata sokoni.

Sasa Mzee Foong alikuwa anaiuza. Tangu mkewe afariki, binti yake Pooi Kuan anamtaka ashuke Ipoh, mjini bondeni, wakaishi wote, na mzee alikuwa amemjibu kwamba siku gari likiuzwa atashuka. Shambani kwake hakufikiki bila gari lile; ni matope na mawe mtindo mmoja. Kwa hiyo kuuza Landrova na kuondoka Tringkap lilikuwa jambo moja, na mnunuzi alikuwa anakuja asubuhi hii ninayoisimulia.

Niseme mapema ili msinione mnafiki. Wiki moja kabla, boneti ikiwa wazi na mzee kaenda msalani, nilichukua bisibisi nikaikaza ile skrubu ya kuongeza dizeli kwenye pampu. Robo mzunguko tu. Nilitaka gari lifuke kidogo, mnunuzi aingiwe na wasiwasi. Nampenda yule mzee na sikutaka aende, ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine.

Lakini asubuhi hiyo liliingia na moshi mzito kuliko nilivyokusudia. Rosli, dereva wa lori la mboga ambaye tunamwita Kipara, akaziba kikombe chake kwa kiganja.

Kipara: Mzee, hili gari limekuja au limeungua?

Mzee Foong: Limekuja. Pale kilima cha mwisho nilidhani nitashuka nilisukume.

Sinnappan akakohoa kujiweka sawa. Huyu alistaafu kiwanda cha chai, hajawahi kufundisha popote, ila tunamwita Profesa kwa sababu hakuna swali linalompita bila jibu.

Profesa: Tatizo ni hewa. Huku juu hewa ni nyepesi. Injini inakunywa dizeli ya watu wa bondeni na kuvuta hewa ya watu wa mlimani. Lazima ifuke.

Kipara: Kwani mwaka jana hewa ilikuwa nzito?

Profesa: Inapungua kidogo kidogo. Haya mabanda ya plastiki ya nyanya yanaivuta.

Mimi: Nyanya zinavuta hewa ya Landrova?

Profesa: Zinavuta ya kila mtu. Wewe hujiulizi kwa nini siku hizi unahema ukipanda ngazi?

Kipara: Anahema kwa sababu ya tumbo. Sikiliza, Profesa, hapo unatupiga fiksi. Angalia hilo bomba la kuvutia hewa, mzee alilipandisha mpaka juu ya kioo ili avuke mto. Sawa, anavuka mto, lakini huko juu linavuta nini? Ukungu. Injini inakunywa ukungu tangu alfajiri.

Profesa: Ukungu ni maji. Moshi ungekuwa mweupe.

Kipara: Ukungu wa hapa umechanganyika na dawa za kabichi. Huo hautoi moshi mweupe hata ufanyeje.

Mama Yoke akatoa kichwa dirishani na birika mkononi.

Mama Yoke: Mnalitibu gari au mnalisomea talaka?

Kimya cha mwenye hatia huonekana haraka, kwa hiyo na mimi nikaona nichangie.

Mimi: Tusisahau injini hii ilitoka kwenye lori la samaki kule pwani. Imekulia kwenye chumvi. Ukiipandisha mlimani inadhoofu, kama mtu aliyebadilishiwa chakula.

Kipara: Kwa hiyo tuitilie chumvi kwenye tangi?

Mimi: Sijasema kwenye tangi.

Mzee Foong: Hakuna mtu wa kutia chumvi kwenye gari langu.

Profesa: Mnazunguka tu. Mwili umetoka kwa Waingereza, injini kwa Wajapani, gia boksi la lori la jeshi. Mliwaweka nyumba moja hawa, nani aliwatambulisha? Hawajafanyiwa hata shughuli. Mzee, niruhusu niweke ndimu nne chini ya matairi, ulikanyagishe mara moja tu, kama tunavyofanya sisi hekaluni. Litatulia.

Mzee Foong: Marehemu mke wangu alikuwa akiweka machungwa kwenye dashibodi kila mwaka mpya. Bado lilikuwa linachemka.

Profesa: Machungwa ni ya baraka. Ndimu ndiyo ya mashine.

Kipara alikuwa akikwaruza meza kwa kucha. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini.

Kipara: Mimi naona linajua linauzwa.

Mzee Foong akakoroga kahawa yake kwa muda mrefu.

Mzee Foong: Mtoto ameshapaka rangi chumba. Amenunua godoro, amefunga na feni.

Kipara: Feni ya nini? Wewe unalala na soksi.

Mzee Foong: Ipoh kuna joto.

Kipara: Na kahawa utakunywa wapi?

Mzee Foong: Ipoh ndiko kwenye kahawa, Kipara.

Kipara: Sikatai. Utakaa na nani?

Nilitamani nimwambie asiende, maneno mawili tu, lakini sisi wanaume wa benchi hili tunaweza kubishana kuhusu noza za injini mpaka kahawa ipoe, na neno kama hilo hatuna pa kulianzia. Nikamsogezea sahani ya mkate wa kaya, ule wa kupakwa jamu ya nazi na mayai. Akachukua kipande.

Mnunuzi akafika na pikipiki, mabuti yana tope mpaka magotini. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini kutoka Lojing, ng'ambo ya mlima, akajitaja kuwa Suhana, ana shamba la maua na njia mbaya kuliko ya mzee. Akatusalimia mmoja mmoja, mjomba, mjomba, mjomba, akaomba ufunguo.

Akawasha. Moshi ukatoka mweusi tii, ukavuka barabara, ukaingia kwenye nguo za Mama Yoke zilizoanikwa. Profesa akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

Profesa: Umeona, binti. Hewa ya huku.

Kipara: Gari limechoka, mwanangu. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta jingine. Nakuonea huruma tu.

Aliinama kwenye boneti, akasikiliza, akapitisha kidole kwenye pampu.

Suhana: Mjomba, kuna bisibisi?

Nikampa yangu. Ilikuwa mfukoni, na nilipoitoa niliona Mama Yoke ananitazama. Suhana akalegeza nati, akaizungusha skrubu nyuma, akasikiliza, akaizungusha tena, na tena. Moshi ukawa wa kijivu, ukawa mwepesi, kisha hatukuuona kabisa. Injini ikatulia, ikanguruma taratibu vile ilivyokuwa ikinguruma enzi ambazo mke wa mzee alikuwa akishuka nayo akiwa ameketi juu ya kabichi. Niliumia kuusikia mlio ule. Gari lilikuwa zima, na gari zima huuzika.

Suhana akazima, akaja na ufunguo, akauweka mezani mbele ya mzee.

Suhana: Injini nzuri sana hii. Ila kuna mtu alikuwa anaikaza hii skrubu. Ni nani?

Nikatazama ndani ya kikombe. Nilikuwa na hakika nitabaki peke yangu na aibu yangu, lakini Kipara akanitangulia.

Kipara: Mimi robo. Juzi.

Profesa: Robo. Jumapili, mzee alipokwenda kununua sigara.

Mimi: Na mimi robo.

Tukatazamana sisi watatu kama wezi waliokutana dirisha moja. Mama Yoke alicheka huko ndani mpaka birika likagonga sinki. Suhana yeye alikuwa bado anapiga hesabu kwa vidole vyake vyenye grisi.

Suhana: Hizo ni robo tatu, wajomba. Mimi nimerudisha karibu mizunguko miwili. Iliyobaki ni ya nani?

Mzee Foong alikuwa amekishika kikombe kwa mikono yote miwili, uso umeiva mpaka masikioni, akilitazama gari lake na siyo sisi. Ndipo nikaelewa, na nikaona Kipara ameelewa, na Profesa pia.

Profesa: Ni baridi, binti.

Kipara: Ndiyo, baridi. Chuma cha huku kikipigwa na baridi usiku kinajikaza chenyewe.

Sijawahi kuwasikia wale wawili wakikubaliana jambo. Suhana alinirudishia bisibisi yangu, akavuta kigoda, akakaa karibu na mzee.

Suhana: Mjomba, ni baridi?

Mzee Foong akaweka kikombe chini.

Mzee Foong: Ni baridi.

Akauchukua ufunguo na kuutia mfukoni.