Sifuri Aliyoibeba Romani Chilumba

Marehemu Romani Anselmo Chilumba alinyang'anywa jina lake akiwa hai. Tangu Agosti 1995 hadi Ijumaa iliyopita, watu wa Mtoni hawakumwita Romani wala Baba Albano. Walimwita Sifuri. Baadhi yao wamekuja msibani, wamekaa mkekani, wamekunywa chai, na hakuna aliyewafukuza. Lakini kabla udongo haujamfunika watasikiliza, maana yeye mwenyewe hakuwahi kujitetea, na aliyepaswa kumtetea alichelewa mno kufungua mdomo.

Romani alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 katika kijiji cha Lukuledi, wilaya ya Masasi, mtoto wa tatu wa mzee Anselmo Chilumba, mkulima wa korosho. Kwao wanasimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka sita alitumwa kurudisha mbuzi jioni, akarudi akasema wapo kumi na watatu. Baba yake akamwambia, "Mimi nina kumi na wawili, umekopa wapi huyo mwingine?" Mtoto akashikilia palepale. Walipokwenda zizini wakakuta mmoja amezaa porini, na kitoto chake kimesimama kwa miguu inayotetemeka. Tangu siku hiyo mzee Anselmo hakuhesabu mbuzi tena. Alimwachia Romani.

Alisoma shule ya misheni hapohapo Lukuledi, akamaliza darasa la nane mwaka 1959. Alikuwa na mwandiko wa kulala upande mmoja, kama majani yaliyopigwa na upepo, na hakuubadili hadi mwisho.

Mwaka 1964 alipanda meli Lindi, akateremka Dar es Salaam, akaanza kubeba mizigo bandarini, upande wa Kurasini. Miaka miwili baadaye akafanywa karani wa kuhesabu mizigo inayoteremshwa melini, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita. Wenzake wanakumbuka habari ya magunia ya saruji. Kulikuwa na mkubwa mmoja aliyetaka yaliyopasuka yasiandikwe, ili hesabu ionekane safi. Romani akamjibu, "Mzee, shikamoo yako ninayo, lakini gunia lililopasuka nalo ni gunia." Akaandika yote. Alikuwa na desturi ya kuhesabu mara mbili, na mtu akimtajia idadi yoyote, hata ya maandazi, alimwambia, "Rudia." Tarehe 30 Juni 1992 alipunguzwa kazi pamoja na wengine wengi. Aliondoka bandarini na kikohozi cha vumbi la saruji na kalamu mbili.

Alifunga ndoa na Adelina tarehe 9 Oktoba 1971, katika kanisa la Kurasini. Adelina ni wa pwani ya Mikindani, amekulia kwenye mikoko. Hajui kusoma, lakini tope analijua. Walipohamia Mtoni alikuta nyuma ya nyumba zao kuna ghuba ndogo ya mikoko, watu wakiiita Topeni, na maji ya bamvua yakitoka, bahari ikijivuta mbali, alikuwa akiteremka na akina mama wenzake kutafuta kaa, na wale wa magamba, kombe na tondo. Romani, mtu wa bara, aliogopa tope kuliko alivyoogopa winchi za bandarini. Siku ya kwanza alipomfuata mkewe huko alivaa viatu vya kanisani. Jirani yao, Mama Chausiku, alicheka hadi akakaa chini. "Shemeji, vua viatu! Tope halitoi sadaka hilo!" Romani akavua, akapiga hatua tatu, kaa akamshika dole gumba, akarudi nchi kavu akichechemea. Hakurudi tena huko kwa miaka ishirini na miwili.

Mungu aliwapa watoto. Albano alizaliwa mwaka 1972, Editha mwaka 1975. Na Mei 1978 alizaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Anselmo, jina la babu yake.

Hapa pana jambo ambalo Romani na Adelina walilijua wawili tu, na leo Adelina ameruhusu lisemwe. Bibi yake Adelina, kule Mikindani, alimlea akimkataza kutaja idadi ya chochote ambacho bado kinabebwa na mama yake, awe mtoto mgongoni, yai tumboni mwa kaa au kifaranga chini ya mbawa. Ukikihesabu umekianika, na mauti yatakiona. Agosti 1978 akaja karani wa sensa, kijana mpole, akauliza watoto wangapi. Adelina alikuwa na Anselmo mgongoni. Akasema, "Wawili." Karani akanyoosha kalamu, "Na huyo, mama?" Adelina akaona haya kuonekana mshamba. Akasema, "Watatu." Novemba mtoto akafa kwa homa ya siku nne, akazikwa Chang'ombe. Romani alimwambia mara nyingi kwamba ni homa iliyomwua, si hesabu. Adelina alikuwa akimsikia, na hakumwamini. Benedikto akazaliwa mwaka 1981, lakini tangu msiba ule, Adelina akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Wapo," na haongezi neno.

Mwaka 1993 alikuja mtaalamu wa viumbe, Dokta Wilfred. Alitafuta mtu wa kuandika na mtu wa kulijua tope. Akampata Romani, ambaye alikuwa hana kazi, na Romani akamleta mkewe. Dokta alikuwa na fremu ya mbao ya mraba, mita moja kila upande. Unaitupa topeni, na kila kilicho hai ndani yake kinatajwa na kuandikwa. Adelina alikuwa akichomeka mkono mashimoni na kutaja, Romani akiandika, fomu zimo ndani ya mfuko wa plastiki, yeye mwenyewe akitazama vidole vyake vya miguu kwa wasiwasi. Dokta alikaa nao wiki ya kwanza, kisha akawaachia kazi miezi mitano.

Fomu ile ilikuwa na mistari ya vitu vinavyouzwa. Kamba walikuwa na mstari wao, kaa wakubwa wao, miti ya boriti wao. Vilivyobaki vyote viliingizwa mstari mmoja wa chini, umeandikwa Vinginevyo. Adelina alihesabu kwa vidole akakuta aina arobaini na moja anazozijua yeye zimo mle. Palikuwa na tondo wa supu ya mzazi, kombe wa kuvumilia mwezi mbaya, na yule kaa mwekundu asiyeliwa ambaye akihama unajua maji yameharibika. Mama Chausiku, aliyekuwa akipita na kikapu, akauliza, "Dokta, kwa hiyo mie wanangu nimewalea kwa vinginevyo?"

Dokta hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mama, fomu haikutungwa na mimi. Wanaolipia kazi hii wanataka kujua nini kinaweza kuuzwa nje."

"Na kisichouzwa?"

"Kinaandikwa hapo chini. Msijali, kabla ripoti haijapelekwa popote nitarudi niwasomee. Penye kosa mtanisahihisha."

Mama Chausiku alisikia ahadi hiyo. Mpaka leo anaikumbuka.

Mstari mwingine wa fomu ulitaka idadi ya wachanga, na ya majike yenye mayai. Walipofika hapo Adelina alikuwa amechomoa mkono shimoni. Mkono wake ulikuwa umejaa kaa mwenye mayai, mekundu kama kungu mbivu, na kati ya mizizi vitoto vya kamba vilikuwa vinaruka kama mchele uliomwagwa. Akamrudisha kaa shimoni, akalifunika shimo kwa tope.

Romani akasema taratibu, "Mama Albano, fomu haikubali nafasi tupu."

Adelina akasema, "Siwezi."

Mtu huyu aliyehesabu kitoto cha mbuzi porini, na magunia yaliyopasuka mbele ya mkubwa wake, alimtazama mkewe muda. Aliyajua makaburi ya Chang'ombe, alijua ni nani aliyelala pale. Akainamisha kichwa, akaandika sifuri. Aliiandika tena kwenye kila fomu, miezi mitano. Ndiyo hesabu pekee ya uongo aliyoiandika maishani mwake, na aliiandika kwa sababu hakutaka kumlazimisha mke wake.

Dokta hakurudi kuwasomea. Ripoti ilikwenda ilikokwenda mwaka 1994. Agosti 1995 malori yakaanza kumwaga kifusi Topeni, mikoko ikakatwa, kampuni moja ikaweka yadi ya makontena. Akina mama walipouliza wakaonyeshwa karatasi, na binti wa Mama Chausiku akaisoma kwa sauti uani kwa Romani, watu wamejaa mpaka barabarani. Karatasi ilisema Topeni pana viumbe wachache wenye thamani. Wachanga, sifuri. Majike yenye mayai, sifuri. Kwa hiyo si mahali pa kuzalia, na kupafukia hakuna hasara. Mwisho ilimshukuru R. Chilumba na msaidizi wake. Msaidizi hakutajwa jina.

Mama Chausiku akauliza, "Nani aliyeandika sifuri? Sie tumekanyaga watoto wa kamba pale toka tumezaliwa."

Adelina akafungua mdomo. Romani akamtangulia. "Ni mimi. Nilihesabu vibaya."

"Karani mzima wa bandarini?"

"Nilihesabu vibaya, shemeji."

Watu walipoondoka, Adelina alimwuliza kwa nini. Alimjibu, "Karani ndiye anayetia saini. Mbeba gunia haulizwi."

Basi akawa Sifuri. Akipita, vijana walikuwa wakiinua vidole na kufanya duara. Dukani aliulizwa, "Sifuri, jua umelihesabu leo? Lipo?" Wengine walisema amepewa chochote na wenye makontena, mtu ambaye suruali yake ilikuwa na viraka viwili. Alicheka nao, akanunua chumvi yake, akarudi nyumbani. Adelina alikwenda mara tatu kwenye ofisi ya Dokta kueleza ukweli. Mara ya kwanza aliambiwa yupo safarini. Mara ya pili aliambiwa asubiri, akasubiri hadi wafagiaji wakaja. Mara ya tatu alionana naye mlangoni. Dokta alimsikiliza akiwa amesimama, akashika paji la uso, akasema, "Mama, ungenieleza wakati ule. Sasa ripoti imeshachapwa." Alieleza mlangoni, lakini uani mwake mwenyewe, mbele ya majirani, hakueleza. Hofu ile ya zamani ilimfunga mdomo, na mumewe akawa analipishwa kila siku.

Kikohozi cha Romani kilizidi Oktoba 1996. Mvua za elinino zilipokuja mwishoni mwa 1997, maji yaliyozoea kutulia Topeni yakakosa pa kwenda, yakaingia vyumbani. Alilala wiki tatu kwenye godoro lililoloa. Hospitali ya wilaya walisema mapafu yamechoka. Walimtunza vizuri, kisha wakamruhusu kurudi nyumbani.

Jumanne tarehe 12 Mei mwaka huu, maji ya bamvua yalipotoka, Adelina alichukua ile fremu ya mbao, ambayo ilikuwa imeachwa kwao na hutumika kuanikia nguo. Akaenda kwenye kipande cha mikoko kilichobaki nyuma ya ukuta wa yadi, kisichozidi ukubwa wa uwanja wa kanisa. Akaitupa. Alihesabu kwa maganda ya tondo, kila kumi ganda moja. Alilia, lakini hakuacha hata mmoja. Akarudi na tope hadi magotini, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba Albano. Majike yenye mayai kumi na moja. Watoto mia mbili na arobaini na sita. Fremu moja tu."

Romani alikuwa amefumba macho. Akasema, "Rudia."

Akarudia.

"Umehesabu na waliokufa?"

"Watatu. Nao wamo."

Akatabasamu, akaomba kalamu. Aliandika hesabu hiyo mwenyewe, nyuma ya bahasha ya eksirei, mwandiko uleule wa kulala upande. Hakuandika kitu kingine tena. Alifariki Ijumaa tarehe 15 Mei 1998, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Marehemu ameacha mjane, Adelina, wajukuu wawili na mdogo wake mmoja huko Lukuledi. Watoto wake ni wanne: Albano, Editha, Anselmo na Benedikto. Anselmo yumo makaburini humuhumu Chang'ombe, hatua chache kutoka hapa tuliposimama, naye amehesabiwa.

Mungu amlaze Romani mahali pasipo vumbi, apumue.

Mama Chausiku na majirani wote wa Mtoni wanadaiwa jina lake. Wamwite Romani kabla hawajatupa udongo, kwa sauti, kila mmoja. Ile sifuri haikuwa yake. Ilikuwa ya Adelina, na Adelina ameichukua leo mbele yao. Watakalo kumwita yeye baada ya hapa, na wamwite.

Bamvua lijalo ni Jumanne tarehe 26 Mei, maji yatakuwa yametoka ifikapo saa nne asubuhi. Bahasha ipo, fremu ipo, na mwenye kulijua tope atakuwa amesimama pale penye mikoko iliyobaki, tayari kuhesabu upya. Dokta Wilfred aliahidi kurudi. Bado anadaiwa.